Kitita cha NHIF Kilivyopiganiwa Bila Mpanda Mezani

Machi 1, 2024 kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, kilianza kutumika, na siku hiyo hiyo hospitali kadhaa binafsi, zikiwemo baadhi ya zile kubwa za Dar es Salaam, zikaacha kuwahudumia wenye kadi za Mfuko. Aliyefika na kadi alitakiwa alipe taslimu au atafute pengine. Serikali ikawaelekeza wanachama kwenye hospitali za umma na vituo vingine vilivyobaki katika mkataba. Ndani ya siku chache wenye hospitali na Serikali walirudi mezani, huduma zikaanza kurejea, na habari ikatoka kurasa za mbele za magazeti.

Naona ni vizuri kuirudia habari hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu namna ilivyoendeshwa inaeleza jambo ambalo sisi wa Mpanda, mkoani Katavi, tunalilipia bila kulijadili. Bei ya matibabu yetu hupangwa katika mvutano kati ya Mfuko na wale wenye uwezo wa kufunga mlango. Zahanati ya kijijini Katavi haiwezi kufunga mlango wake. Kwa hiyo hakuna anayelazimika kuisikiliza.

Tuanze na chombo chenyewe kilichogombewa. Kitita ni orodha ya huduma ambazo Mfuko unakubali kuzilipia: kumwona daktari, kipimo cha malaria, upasuaji wa kujifungua, kitanda cha kulazwa, dawa moja moja kwa majina yake. Mbele ya kila kimoja kuna bei, na bei hiyo hutegemea ngazi ya kituo, kuanzia zahanati mpaka hospitali ya Taifa. Sheria ya Mfuko ilipitishwa mwaka 1999 na Mfuko ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa umma, wakichangia asilimia 6 ya mshahara, nusu mtumishi na nusu mwajiri. Hayo yako kwenye sheria, yalijadiliwa bungeni, na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Bei za kitita hazipiti bungeni. Hupangwa na wataalamu wa Mfuko na Wizara, wenye vituo hualikwa kutoa maoni, kisha huingia kwenye mikataba ya kila kituo. Ndiyo maana anayetaka kubadilisha fedha zinakokwenda hahangaiki sana na wabunge. Huenda kwenye orodha.

Orodha iliyotumika mpaka mwanzoni mwa 2024 ilikuwa ya mwaka 2016. Katika miaka hiyo bei za dawa sokoni zilikuwa zimebadilika, nyingine zikipanda, nyingine zikishuka baada ya kampuni nyingi kuanza kuzitengeneza. Wagonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, figo na saratani waliongezeka, na hao ni watu wanaohitaji dawa kila mwezi maisha yao yote. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha Mfuko ukitumia zaidi ya ulichokusanya. Mfuko ulio katika hali hiyo una njia tatu za kujiokoa: kuongeza michango, kupunguza wanaonufaika, au kubana bei unayowalipa watoa huduma.

Njia ya pili ilijaribiwa kwanza. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, ambao mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka, ulisitishwa, na wazazi wakaelekezwa kuwasajili watoto kupitia shule au kupitia bima ya familia. Hoja ya Mfuko ilikuwa na mantiki ya bima: wazazi wengi walikata kadi mtoto akiwa tayari mgonjwa, na bima haiwezi kuishi kwa kuchangiwa na wagonjwa peke yao. Lakini linganisha mwendo wa mambo. Wazazi walilalamika redioni na mitandaoni, wabunge wakauliza maswali, na uamuzi haukubadilika wakati huo. Kubana bei kulikutana na upinzani wa namna nyingine kabisa, kwa sababu upande wa pili ulikuwa na chama, ofisi, wanasheria na hesabu zilizokwisha kupigwa.

Kitita kipya kilikuwa kianze Januari 2024. Wenye vituo binafsi wakakataa, na mwanzoni mwa mwezi huo Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alikisitisha na kuunda kamati ya kusikiliza pande zote. Kamati ikafanya kazi yake, Mfuko ukatangaza kwamba kitita kilichorekebishwa kingeanza Machi 1, na ndipo ukaja mgomo. Ukitazama kwa jicho la ufundi, ushindi mkubwa wa wenye hospitali ulipatikana Januari, bila mlango kufungwa hata mmoja. Walipata miezi miwili, walipata kamati, na walipata rekodi rasmi kwamba bei ni jambo la kujadiliana. Mgomo wa Machi ulikuja kuyatetea waliyokwisha kuyapata.

Walifanyaje? Kwanza, waliungana. Msemaji wa mstari wa mbele alikuwa Chama cha Wamiliki wa Vituo Binafsi vya Afya, kinachojulikana kama APHFTA. Historia ya chama hicho inaeleza mengi. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku udaktari wa biashara nchini, na ni marekebisho ya 1991 yaliyoufungulia tena mlango. Waliorudi kwenye biashara hiyo walijua kwamba uhai wao unategemea kalamu ya Serikali, wakajipanga mapema. Makanisa nayo yalisaini makubaliano na Serikali mwaka 1992, na kutoka hapo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, inayosimamia maslahi ya hospitali za misheni. Waislamu wana BAKWATA na taasisi nyingine zenye vituo. Hawa wote hawana maslahi yanayofanana. Hospitali ya wawekezaji mjini inatafuta faida kwa ajili ya wenye hisa. Hospitali ya misheni, ambayo mara nyingi ndiyo hospitali teule ya wilaya na baadhi ya watumishi wake wanalipwa na Serikali, inatafuta kutofilisika. Lakini bei ya dawa ikishuka chini ya bei ya kununulia, wote wanaumia siku moja. Orodha moja ya Taifa huwapa watu wasiofanana adui mmoja, na hapo umoja unapatikana kwa gharama ndogo.

Jambo la pili ni uchaguzi wa hoja. Wenye hospitali wangeweza kusema faida yao itapungua, na wangekuwa wanasema kweli. Walichosema ni kwamba bei mpya haziendani na gharama halisi na kwamba ubora utashuka na vituo vitafungwa. Mfuko ukajibu kwamba bei zimelinganishwa na za soko na kwamba baadhi ya dawa ulikuwa ukiuziwa ghali kuliko anavyouziwa mtu wa taslimu. Mabishano yakageuka kuwa ya gharama, na katika mabishano ya gharama mwenye daftari ndiye mwenye nguvu. Hospitali binafsi zinajua sindano moja imezigharimu shilingi ngapi mpaka inamfikia mgonjwa. Mfuko unajua bei ulizolipa na bei za soko. Gharama za ndani za hospitali ulilazimika kuzisikia kutoka kwa wenye hospitali wenyewe.

La tatu ni mgonjwa mwenyewe. Wenye kadi za NHIF ni walimu, wauguzi, askari, mahakimu, wastaafu, watumishi wa mashirika: watu wanaosikika. Kabla ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Wizara ilikuwa ikieleza kwamba takribani asilimia 15 tu ya Watanzania walikuwa na bima ya aina yoyote, na wa NHIF walikuwa kama asilimia 8. Kumfungia mlango mtu wa kundi hili kunaleta kelele ndani ya saa chache. Mimi nasema wazi kwamba kumtumia mgonjwa namna hiyo ni kosa, hata kama hesabu za wenye hospitali zilikuwa sahihi. Mama mwenye miadi ya figo hakuwahi kupanga bei ya dawa. Lakini uchambuzi hauna budi kukiri kwamba mbinu ilifanya kazi: iliirudisha Serikali mezani kwa haraka.

Sasa tuingie ndani ya orodha yenyewe, mahali ambapo Mpanda inahusika zaidi ya inavyodhaniwa.

Mwelekeo wa kitita kipya ulikuwa kupandisha malipo ya kumwona daktari, hasa bingwa, na kushusha bei za dawa kadhaa zilizoonekana kuwa juu ya soko. Fikra yake ni nzuri. Hospitali ikipata faida kubwa kwenye dawa, itaandika dawa nyingi. Ikilipwa vizuri kwa ujuzi wa daktari, itampa mgonjwa muda na itaacha kumjazia mfuko wa vidonge. Nchi nyingi zimelipitia tatizo hili na Mfuko haukukosea kuligusa.

Tatizo ni nani ana ujuzi wa kuuza. Hospitali ya Dar es Salaam yenye mabingwa wa moyo, watoto, mifupa na macho inaweza kupoteza kwenye duka la dawa na kurudisha kwenye vyumba vya madaktari. Zahanati ya kata katika Halmashauri ya Tanganyika au Mpimbwe ina tabibu na wauguzi wachache. Mapato yake kutoka Mfuko ni dawa za malaria, dawa za nimonia ya watoto, vipimo vichache na huduma za uzazi. Ukihamisha fedha kutoka upande wa dawa kwenda upande wa mabingwa, umezihamisha pia kutoka vijijini kwenda mijini, hata kama hukukusudia. Sikusikia hoja hii ikipewa nafasi katika mvutano wa 2024. Ambao wangeibeba hawakuwepo.

Kisha kuna umbali. Bei ya dawa kwenye kitita ni moja kwa nchi nzima. Dawa ikikosekana Bohari ya Dawa, kituo cha umma hununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeingia mkataba na mkoa. Mfumo huo ulianzia Dodoma mwaka 2014 na ukasambazwa nchi nzima 2018, na umesaidia sana kujaza mapengo. Lakini mshitiri naye anapakia mzigo wake kwenye gari. Tuseme dawa fulani inalipwa na Mfuko shilingi 1,000 kwa dozi. Kituo cha Kinondoni kinainunua kwa 850 na kinabakiwa na 150. Kituo cha Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kikiipata kwa 980 na kuongeza nauli ya kuifikisha, kimetoa huduma kwa hasara. Hizi ni namba za mfano, ila mganga mfawidhi yeyote wa pembezoni ataitambua hesabu. Hasara hiyo haitangazwi na mtu. Inaonekana mwezi unaofuata, rafu zikiwa tupu na mgonjwa wa bima akiandikiwa karatasi akanunue dukani.

Na mkoa wenyewe unakua kwa kasi ambayo orodha za Taifa haziioni. Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 ikiwa na watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Ndani ya miaka kumi tumekuwa zaidi ya mara mbili, kasi kubwa kuliko ya mikoa mingine ya Bara. Wakulima wa tumbaku na mahindi, wafugaji waliohamia kutoka Usukuma, wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wakazi wa Katumba na Mishamo ambao wazazi wao walikuja kutoka Burundi mwaka 1972 na wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania: hao wote wanategemea vituo vya Serikali, pamoja na vichache vya dini na vya watu binafsi. Mpanda sasa ina hospitali ya rufaa ya mkoa, jambo la kushukuru, kwani kwa miaka mingi hospitali ya manispaa ilibeba mzigo usio wake. Mgonjwa anayeshindikana hapo huelekea Mbeya au mbali zaidi. Mwalimu wa Inyonga aliyekuwa amepewa rufaa ya kwenda hospitali binafsi ya Dar es Salaam mwezi ule wa Machi alikutana na mlango uliofungwa baada ya safari inayozidi kilomita 1,000.

Kwa wengi mkoani NHIF ni habari ya jirani mwenye ajira. Walichokuwa nacho wao ni CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Gawanya: shilingi 5,000 kwa mtu. Fedha hiyo haitoshi kununua uaminifu wa kituo chochote, na kituo kinachopata hasara kwa mwenye kadi ya NHIF hakiwezi kumfidia mwenye kadi ya CHF. Watu huona bei za NHIF kama jambo la watumishi. Lakini kwa zahanati, malipo ya Mfuko ni sehemu ya mapato yake ya ndani, yale yanayolipia dawa, sabuni na mlinzi. Yakipungua, mkulima asiye na bima anaumia pamoja na mwalimu mwenye kadi.

Kenya wanatuonyesha kinachoweza kutokea wadogo wakijipanga. Huko kuna RUPHA, chama cha hospitali binafsi za vijijini na mijini, ambacho wengi wa wanachama wake ni vituo vidogo na vya kati. Mfuko wa zamani wa Kenya, ulioitwa pia NHIF, ulipofungwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuanza kazi Oktoba 1, 2024, kwa makato ya asilimia 2.75 ya mshahara, ulirithiwa pia mlima wa madeni. RUPHA ilifanya utafiti kwa wanachama wake, ikachapisha matokeo, na mapema 2025 vituo vyake vikasitisha huduma za mkopo kwa wenye SHA. Machi 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba vituo vinavyoudai mfuko wa zamani hadi shilingi milioni 10 za Kenya vitalipwa deni lote, na vyenye madai makubwa zaidi vihakikiwe kwanza. Angalia kizingiti hicho. Kinawatanguliza wadogo, na wadogo ndio waliokuwa wakipiga kelele. Sisifu usitishaji wao, kwa sababu ile ile niliyoitaja juu. Ninachosifu ni kwamba walikuja na takwimu zao wenyewe.

Iko njia nyingine isiyomhitaji mgonjwa afungiwe nje. Jimbo la Maryland, Marekani, liliunda mwaka 1971 tume ya kudumu inayopanga viwango vya malipo ya hospitali, na kuanzia 1974 tume hiyo ikaanza kuvipanga. Hospitali zenyewe ziliunga mkono, kwa sababu zilikuwa zikizama kwa gharama za wagonjwa wasioweza kulipa, na tume iliweka gharama hizo ndani ya bei. Hospitali hutoa hesabu zake kwa mpangilio mmoja na bei hurekebishwa kwa kalenda inayojulikana. Sisi tulikaa na orodha ya 2016 mpaka 2024. Orodha ikikaa miaka minane, kila marekebisho lazima yawe mshtuko, na mshtuko ndio unaozaa mgomo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2, 2023, inaifanya hoja hii kuwa ya haraka. Katika mjadala wa 2022 kiwango kilichosikika ni shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, na muswada ukasogezwa mbele zaidi ya mara moja kabla ya kupita. Sheria imetaja vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo: ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha, bima ya vyombo vya moto na miamala ya kielektroniki. Kila chanzo kina mwenyewe. Wenye viwanda wanalo Shirikisho la Viwanda, CTI, ambalo kila mwaka kabla ya bajeti hupeleka maoni kuhusu ushuru. Ni haki yao. Na tumeona jinsi tozo inavyoweza kuyeyuka: ile ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo, ikapunguzwa tena 2022, na 2023 ikaondolewa kwenye kutuma fedha. Watu walifurahi, na walikuwa na sababu. Lakini ni tozo hiyo iliyojenga vituo vya afya vya tarafa 234 nchini. Chanzo cha fedha za wasio na uwezo kikipunguzwa kidogo kidogo kila Juni, hakuna chama cha wasio na uwezo kitakachokwenda Dodoma kuhesabu kilichopotea.

Nani basi aende kwa niaba ya Katavi? Zahanati na vituo vya afya vya umma vinamilikiwa na halmashauri, na halmashauri zina umoja wao, ALAT, uliopo tangu 1984. ALAT inawakilisha wamiliki wa vituo vingi kuliko APHFTA na CSSC zikiwekwa pamoja. Haihitaji kufunga mlango wowote. Inahitaji kufika mezani ikiwa na daftari, na daftari lipo: tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja zilipoanza kutumwa moja kwa moja vituoni, kila zahanati ina akaunti na huandika mapato na matumizi yake kwenye mfumo wa uhasibu wa vituo. Vituo vyenye mfumo wa kompyuta wa GoTHOMIS vina kumbukumbu ya kila dawa iliyotoka. Kinachokosekana ni mtu wa kuzikusanya namba za Nsimbo, Mlele, Mpimbwe, Tanganyika na Manispaa ya Mpanda, kuziweka pamoja na za Kigoma na Rukwa, na kuonyesha dawa 50 zinazotumika zaidi zimegharimu kiasi gani mpaka kumfikia mgonjwa, pembeni ya bei ambayo Mfuko umelipa.

Kazi hiyo ni ya mhasibu na mfamasia wa mkoa kwa robo moja ya mwaka. Ikifanyika kabla ya marekebisho mengine ya kitita, mkoa unaweza kudai vitu viwili vilivyo wazi: nyongeza ya umbali kwenye bei za dawa kwa vituo vya pembezoni, na malipo ya kumhudumia mgonjwa kwenye zahanati na vituo vya afya yapandishwe kwa uwiano ule ule wa malipo ya bingwa. Madiwani wa Katavi wanaweza kuliingiza jambo hili kwenye vikao vya mabaraza yao na kulipeleka ALAT kwa jina la mkoa.